Kelele za Mtu Mpole

Nsimire alikuwa amempenda mtu mpole, na Jumamosi ile, jua likiwa bado halijafika katikati ya mbingu, alianza kuogopa kwamba mtu huyo hakuwahi kuwako.

Asubuhi ilikuwa imeanza vizuri. Nyuma ya nyumba ya Papa Alphonse, huko juu Kadutu, mjini Bukavu, wanawake watatu walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya wageni wa kesho. Kinu kilikuwa kimoja na michi mitatu: wa mama, Maman Rosalie, wa dada mkubwa, Eulalie, na wa Nsimire mwenyewe. Mchi mmoja unashuka, wa pili uko njiani, wa tatu unapanda, na hakuna unaogusa mwenzake. Mtu ambaye hakukulia kwenye kazi hiyo angeona fujo tupu. Wao walikuwa wanatwanga huku wanapiga soga.

"Kesho papa atakuuliza mbele ya batu bote," Eulalie alisema. "'Mutoto wangu, hii pombe tuinywe?' Utajibu nini?"

"Nitajibu muinywe."

"Bila kufikiri?"

"Nimefikiri tangu mvua ya kwanza."

"Miye nilifikiri zaidi yako," Eulalie akasema, na mchi wake ukachelewa kidogo. Maman Rosalie alichelewesha wake pia, taratibu, ili wa binti yake upate nafasi ya kurudi. Alikuwa mama wa namna hiyo.

Kwao, neno la binti siku ya pombe lilikuwa neno la mwisho. Familia ya kijana inakuja na kasiksi, pombe ya ndizi, inaiweka katikati ya chumba, na hakuna anayeigusa. Binti anaitwa, anaulizwa. Akisema muinywe, vikombe vinatoka. Akisema musiinywe, wageni wanabeba pombe yao wanarudi nayo, na njia nzima watu wanaona vidumu vimejaa, wanaelewa. Aibu hiyo haina dawa. Kijana aliyerudi na pombe yake harudi tena kwenye mlango ule.

Nsimire alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule kwenye baraza, na mashine yake ya kukanyaga kwa mguu ilijulikana mtaa mzima kwa mlio wake. Alimjua Philémon huko Katana, hospitalini kwa wamisionari, wakati Papa Alphonse alipolazwa kwa maumivu ya kifua. Philémon alikuwa muuguzi. Kabla ya kuweka chuma cha kusikilizia kwenye kifua cha mzee, alikishika kwanza kiganjani, akakifunika na kiganja cha pili, akangoja kipate joto. Papa Alphonse hata hakuona. Nsimire aliona. Alirudi Bukavu na ule mkono moyoni, na wiki zote alizokaa kwenye mashine alikuwa anauwaza.

Na sasa mwenye mkono huo alikuwa amesimama penye kona ya nyumba, siku moja kabla ya pombe yake, vumbi la lori la Katana likiwa bado kwenye nyusi zake, na mfuko mkubwa kwapani.

"Eh, Philémon!" Maman Rosalie aliacha kutwanga. "Pombe iko kesho! Ama ku Katana siku zinapita mbio kuliko huku?"

"Samahani, maman. Najua haifai." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya mtu aliyezoea vyumba vya wagonjwa. "Kuko kitu nataka Nsimire asikie mbele ya kesho. Nisimufiche."

Eulalie alimtazama mdogo wake. Nsimire alihisi mchi unakuwa mzito. *Ana mke kwao Mwenga*, aliwaza. *Ana mtoto.*

"Kitu gani?" aliuliza.

Philémon alifungua mfuko. Ilikuwa redio-kaseti.

* * *

Walikaa sebuleni, mlango wazi, kama inavyotakiwa kwa watu ambao pombe yao haijanywewa. Umeme ulikuwa umekatika, lakini Philémon alikuja na mawe mapya ya redio, betri nzima nzima. Aliyaweka moja moja. Kisha akatoa kaseti mfukoni mwa shati. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha pamba cha hospitali, kama kitoto.

"Hii alinitumia kaka yangu Gaston, yuko Liège, ku Ulaya," alisema. "Ilipitia mikono ya batu siwajui, Bujumbura, Uvira, Sange, mpaka ikafika. Naisikia kila siku. Kama utakuja kukaa na miye, utakaa na hii. Nyumba yangu ya Katana iko chambre mbili tu. Hakuna pa kuificha."

"Philémon, ni muziki?"

"Ni muziki."

Nsimire alicheka kwa raha. Kumbe ni muziki tu! "Unanitisha bure! Weka."

Aliweka.

Nsimire alidhani kwanza redio imeharibika. Sauti ilitoka kama mvua ya mawe juu ya mabati, bila kuanza, bila wingu. Ndani ya mvua hiyo kulikuwa na magitaa, lakini si magitaa ya kucheza nayo kiuno. Yalikimbia kama mashine ya kushona ambayo mguu umenaswa kwenye pedali na haiwezi kusimama tena, yakageuka, yakakimbia upande mwingine kabla sikio halijafika. Kila alipodhani ameshika mahali pa kukaa, mahali hapo paliondolewa. Halafu mtu akaanza kuimba. Kama ni kuimba. Ilikuwa sauti ya ng'ombe aliyekwamwa na muhogo kooni, lakini ng'ombe mwenye hasira, mwenye maneno.

Alimtazama Philémon. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Philémon alikuwa amefumba macho. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na uso wake, Mungu wangu, uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote alizomwona. Kama mtu anayeoga maji ya moto baada ya safari.

"Anasema nini?" Nsimire alipaza sauti.

"Nani?"

"Ule mwenye kufa!"

Philémon alifungua macho, akacheka. "Sijui. Ni kiingereza. Sizani hata Baingereza banajua."

"Nani alimukosea?"

"Hakuna aliyemukosea."

"Sasa mbona analia hivi?"

"Halii. Sikiliza ngoma. Usisikilize yeye, sikiliza ngoma na gitaa. Ngoma inahesabu tano, gitaa linahesabu saba. Banaachana, kila mutu na njia yake. Unafikiri bamepotea. Ngoja... ngoja..." Aliinua kidole. "Hapa!"

Na pale, kwa ghafla, kelele yote ilikatika. Kimya. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyevuka. Kimya cha pumzi moja, halafu wote wakarudi kwa pigo moja.

Nsimire alishtuka. Wazo moja lilimpita: wendawazimu hawanyamazi pamoja. Alitaka kulishika wazo hilo lakini kelele ilimnyang'anya. Mlangoni majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Euphrasie, msichana wa nyumba ya pili, alikuwa anacheka mpaka machozi. "Nsimire! Muko nachinja nini mule?"

Nsimire aliweka mkono mdomoni. Alitaka kucheka na kulia, na hakujua kipi kianze.

Ndipo tantine Domitille alipofika.

Tantine Domitille alikuwa dada wa Papa Alphonse, na alikuwa mwanamke wa kundi la sala. Alikuwa anatoka parokiani na chupa ya maji ya baraka, kwa ajili ya kunyunyizia nyumba kabla ya wageni wa kesho. Kutoka barabarani alisikia ile sauti ikitoka nyumbani kwa kaka yake. Kwenye kundi lake walikuwa wamewahi kumwombea mgonjwa aliyenguruma vilevile. Hakuuliza. Alipita katikati ya majirani, akafika mlangoni, akaona kijana wa Mwenga ameinama mbele ya sauti hiyo, kichwa kinakwenda mbele na nyuma, na binti wa kaka yake ameshika mdomo.

"Yezu na Maria! Toka! Toka ndani ya mutoto wa batu!"

Alimwaga chupa yote. Nusu juu ya kichwa cha Philémon, nusu juu ya redio.

Redio ilikoroma. Yule mwimbaji, badala ya kunyamaza, akazidi kuwa mzito, akashuka chini, chini zaidi, mpaka sauti ya shimo. Tantine Domitille akapiga magoti. "Munaona! Munaona! Anatoka!" Kisha mlio mmoja wa kukatika, na kimya.

Hakuna aliyecheka tena, hata Euphrasie.

Philémon alibonyeza kifuniko. Kaseti ilitoka na utumbo wake wote, utepe mwembamba wa kahawia umejikunja ndani ya mashine, na alipouvuta kwa ncha ya kidole, ulikuwa umekatika.

Watu wote walimtazama. Nsimire aliwaona wanamtazama. Kisha kwa upande wa jicho akamwona Eulalie. Dada yake hakuwa anatazama kaseti. Alikuwa ameshika watoto wake wawili mikono na anarudi nyuma, taratibu, kuelekea mlango wa uani. Alifanya hivyo siku zote mwanamume alipokuwa karibu kupaza sauti. Alijifunza hivyo Bagira, nyumbani kwa mume wake, kabla ya kurudi kwao Pasaka na watoto hao na sanduku moja.

Philémon naye alimwona. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye shingo. Aliweka mikono mfukoni.

"Tantine," alisema, kwa ile sauti ya chini, "asante. Ku lori kulikuwa jua kali. Maji yako iko baridi muzuri."

Tantine Domitille alimtazama kutoka sakafuni. "Haikuwa pepo?"

"Hapana, tantine. Ni muziki."

"Ile?"

"Ndiyo."

"Ile haiko muziki, mutoto wangu." Lakini sauti yake ilishuka, maana aliona kaseti. "Nimeharibu kitu yako?"

"Imelowa kidogo." Alimshika mkono, akamwinua, akampa kiti chake mwenyewe. "Kaa, tantine. Pumuzika."

* * *

Nsimire alimsindikiza. Walishuka njia ya mawe kuelekea kwenye malori ya Katana, yeye mbele kidogo, Philémon nyuma na redio yake iliyokufa. Chini, kati ya paa na paa, ziwa lilikuwa linaonekana na halionekani.

Kabla ya kutoka, Eulalie alikuwa amemvuta pembeni. Nsimire alikuwa amemwambia, "Umeona alivyotulia?" na Eulalie akajibu, "Wangu pia alitulia mbele ya batu. Miaka yote ya uchumba, hata kuku hakumufukuza. Halafu nikasikia sauti yenye alikuwa ameficha." Alimshika mdogo wake shavu. "Ule mutu wa kaseti, Nsimire. Labda ndiye huyu wa ndani."

Neno hilo alikuwa anatembea nalo tangu nyumbani. Penye mti wa parachichi, karibu na duka la sabuni, alisimama.

"Philémon, kwa nini haukukasirika?"

"Nilikasirika."

"Hapana. Ulimushukuru! Ulimupa kiti!"

"Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka. Njo maana niliiweka mfukoni."

Nsimire hakutegemea jibu hilo. Alitaka aseme *mimi sikasiriki*. Hata kama ni uongo, angejua la kufanya na uongo. "Na siku mufuko itatoboka?" aliuliza.

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kusema, ni nani nitaolewa naye? Wewe ama ule mwenye kunguruma? Maana uso wako, Philémon! Haujawahi kunitazama na uso ule. Ulikuwa na raha. Mutu analia kama anachinjwa, na wewe uko na raha!" Sauti yake ilikuwa imepanda, na mama wa duka la sabuni alitoa kichwa. "Sielewi. Kama ungekunywa, ningeelewa. Kama ungekuwa na mwanamuke Mwenga, ningelia, lakini ningeelewa!"

Philémon aliweka redio chini. Alingoja mpaka mama wa duka akachoka akarudisha kichwa.

"Ku hospitali, ku chambre ya watoto," alisema mwishowe, "kuko siku mutoto anaenda ku Mungu. Na mama yake ananitazama. Siwezi kulia mbele yake. Nikilia, yeye atashika nini? Nasema pole, nafunika mutoto, namutafutia mama chai. Halafu naenda ku mutoto mwingine, nacheka naye, maana ule iko muzima." Alifuta uso na mkono wake, ingawa maji yalikuwa yamekwisha kukauka. "Jioni narudi ku nyumba na kitu hapa." Aligusa kifua. "Zile nyimbo zingine, nzuri, za mapenzi, zinapita tu. Hazifiki pale. Ile inafika. Ule mutu analia mahali pangu. Na ngoma inanishika nisianguke. Nahesabu nayo tano, nahesabu saba, napotea, natafuta, na pale banakutana, nakutana nao. Kisha napika chakula changu. Nalala."

Nsimire alimtazama. Alimwonea huruma, na bado aliogopa, na huruma na woga havikutaka kukaa mbali kimoja na kingine. Alimwona mama wa Katana akipewa chai. Akamwona pia Eulalie akirudi nyuma na watoto wake.

"Na sasa kaseti imekatika," alisema.

"Imekatika."

"Leo jioni utafanya nini na hasira yako?"

"Sijui."

Laiti angesema *nitasali*. Laiti angesema *nitakufikiria wewe*. Vijana wengine wangesema hivyo, na wasichana wengine wangerudi nyumbani wanaimba. Yeye alisema hajui, na macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha.

Lori lilipiga honi. Philémon aliinama kuchukua redio, kisha akatoa kitambaa cha hospitali, kaseti ikiwa ndani, na kumwekea mkononi.

"Shika. Si kwa kuisikiliza. Nisiende nayo tu njiani, naweza kuitupa ku ziwa, halafu nitajuta."

"Philémon..."

"Kesho tutakuja, tonton Cyprien na bengine. Papa yako atakuuliza. Sema yenye iko moyoni. Ukisema basinywe, nitabeba bidon yangu ya pombe miye mwenyewe. Sitakuuliza sababu. Na sitaacha mutu wa kwetu akutukane njiani."

Akapanda. Lori lilipoondoka, Nsimire aliona amempisha mama mmoja mwenye mzigo mahali pake, na yeye ameshika chuma, amesimama. Hata wakati ule. Hata na moyo ule. Hakujua kama afurahi au alie.

* * *

Jumapili, baada ya misa, alikaa kwenye baraza na wembe na kipande cha karatasi ya kunata aliyoomba kwa Euphrasie. Wazee wa familia walikuwa wanapanga viti. Aliutandaza utepe juu ya meza ya mashine, akaunyoosha kwa kucha, sentimita kwa sentimita, kama anavyonyoosha pindo la hariri. Mahali ulipokatika palikuwa pamechakaa. Ilibidi aondoe kidogo, ncha ya kidole tu. Aliunganisha, akasugua, akauzungusha ndani kwa kalamu ya Bic.

"Unatengeneza ile kitu?" Tantine Domitille alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa kipya kichwani.

"Ndiyo, tantine."

"Unaipenda?"

"Hapana. Inaniumiza kichwa."

"Sasa?"

"Ni ya mutu," Nsimire alisema.

Tantine Domitille alikaa. Alitazama ule utepe unaoingia polepole kwenye ganda lake. "Alinipa kiti," alisema baadaye, kama mtu anayesema peke yake. "Miye nimemumwagia maji kama mubwa, yeye ananipa kiti." Kisha akainuka haraka. "Lakini Mwenga iko mbali! Na kwao hawajui hata kukamua ngombe!"

Wageni walikuja wengi kuliko waliotegemewa. Tonton Cyprien, mjomba wa Philémon, alikuwa mtu mnene mwenye vichekesho, na alikuja na ndugu ambao walisema wamepanda lori kwa kumsindikiza tu. Maman Rosalie alihesabu vichwa, akaenda nyuma mbio. Unga wa bugali hautatosha. Muhogo mkavu utwangwe upya, sasa hivi.

Sebuleni vidumu vya kasiksi viliwekwa katikati. Tonton Cyprien alisema maneno yake marefu, ya mtu aliyeona ua zuri kwenye shamba la mwenzake. Papa Alphonse alijibu kwamba shambani kwake maua ni mengi, ni lipi? Watu walicheka mahali pa kucheka. Philémon hakucheka. Alikaa mwisho wa benchi, na shati lile lile, limefuliwa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Nsimire, alipoitwa na kuingia, aliitazama mikono hiyo kwanza. Haikuwa mfukoni.

"Nsimire, mutoto wangu," Papa Alphonse alisema. "Hawa batu banasema banatujua kupitia wewe. Sisi hatubajui. Pombe yao ndiyo hii. Tuinywe?"

Nsimire alikuwa na jibu jana asubuhi. Sasa alilitafuta na hakulipata. Alimwona mwenye kupasha chuma joto kwa kiganja. Alimsikia mwenye kunguruma. Wote wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, na shati moja. Papa Alphonse alisubiri. Tonton Cyprien alikohoa. Mtu fulani upande wa wanawake alinong'ona, "Kuna nini?"

Nyuma ya nyumba michi ilikuwa inagonga. Miwili: mama na Euphrasie, muhogo mkavu, mlio mkali. *Ta-ta, ta-ta.* Kwa kukosa mahali pa kuweka akili yake, Nsimire aliiweka pale. Mguu wake, ule wa pedali, ulianza kufuata, chini ya kitenge ambapo hakuna mtu anaona.

Kisha mchi wa tatu ukaingia.

Aliujua. Ulikuwa wa Eulalie, ule unaochelewa kidogo. Ulitafuta nafasi, ukakosa, ukakaribia kugongana, na kwa kitambo kidogo huko nyuma kulikuwa fujo tupu, kelele ya watu watatu waliopotea. Watu wa sebuleni hawakusikia chochote, kwao ilikuwa ni kutwanga tu. Nsimire alizuia pumzi. Akajua bila kufikiri ni wapi mama atachelewesha wake, na ni wapi watakutana. *Ngoja... ngoja...*

Aliinua macho.

Juu ya goti la Philémon, kidole kimoja kilikuwa kimeinuliwa. Naye alikuwa anasikiliza uani. Hakuwa anamtazama. Alikuwa amepotea huko nyuma pamoja na wale wanawake watatu, uso wake umeanza kutulia kama ule wa jana, na michi ilipoingia mahali pake, kidole chake na mguu wa Nsimire vilishuka kwa pigo moja.

Hapo ndipo Philémon alipomtazama. Alitazama pindo la kitenge linalotikisika, kisha macho yake, na akaelewa kwamba Nsimire naye amesikia. Hakutabasamu. Alifungua mdomo kidogo tu, kama mtu aliyekaa miaka mingi kwenye chumba peke yake na sasa amesikia mlango.

Nsimire bado aliogopa. Lakini aliwaza, mtu huyu ameniletea sauti ya ndani yake siku moja kabla, mchana, mlango wazi, majirani wote wakisikia. Yule wa Eulalie, wa Bagira, alingoja mpaka pombe imenywewa.

"Papa," alisema. "Muinywe."

Vigelegele vilipanda. Huko nyuma michi ilisimama, yote mitatu kwa wakati mmoja. Kimya kikawa cha pumzi moja, halafu vigelegele vya mama vikajibu kutoka uani, na vya Euphrasie, na mwishowe, vikichelewa kidogo, vya Eulalie.

Tonton Cyprien alikuwa anamimina. Nsimire alipokea kikombe cha kwanza, akaonja kama inavyotakiwa, akavuka chumba, akakiweka mikononi mwa Philémon. Chini ya kikombe, ndani ya kitambaa cha hospitali, kulikuwa na kaseti.

"Kuko kipande kilipotea," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilikata. Mahali fulani batakosa hesabu."

Philémon alikibana kitambaa kwenye kiganja, akakifunika na kiganja cha pili. "Tutasikia wapi," alisema.

Tantine Domitille alikuwa amesogea karibu, kikombe mkononi, sikio limetegwa.

"Na ile kelele, Nsimire?" aliuliza. "Mwishowe umeielewa?"

"Hapana, tantine," Nsimire alisema, na macho yake hayakutoka kwenye mikono ile. "Bado."